Picha ya Msiba ya Ok-bun

Picha ambayo Ok-bun alitaka iwekwe katikati ya maua meupe siku atakapokufa ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa inakokota miguu. Alipigwa picha hiyo arusini kwa mpwa wake, amevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, ya buluu iliyopauka, meno ya mbele bado yake mwenyewe. Wenzake pale mtaani, mjini Mokpo, walikwisha kuziandaa zao, zimetiwa fremu na kufungwa kitambaa, zimehifadhiwa nyuma ya kabati. Yeye tu ndiye hakuwa tayari kufa.

Ukiiwasha mashine ile, unaosha mchele, unaubandika, unaepua, ndipo inapofunguka. Na ndani yake kulikuwa na mlio, tk, tk, kama ukucha unaogonga bakuli la shaba.

"Ni walinzi wa benki hawa," akasema mwanawe, Gyu-sik, aliyekuja kwa treni kuitengeneza. Kila benki ilimtaka mteja aweke programu zake za ulinzi, na mama yake hakuwahi kuifungia benki mlango. "Mama, una askari wengi kuliko ikulu."

"Mlio huo ni diski inakufa," akasema dada yake, Sun-im, aliyekaa sakafuni akimenya vitunguu saumu. "Toa picha ya mama kwanza."

"Dada, wewe menya vitunguu."

"Namenya. Masikio hayamenyi kitu."

Gyu-sik akachomeka flashi, akahamisha kwanza cheti cha kidijitali cha benki, maana bila hicho, hata ukiwa na uso wako mwenyewe, benki haikutambui. Kisha akawafukuza walinzi, mmoja mmoja. Halafu akaiamuru mashine ipange upya mafaili yote.

"Mgonjwa mahututi unamfagilisha uwanja?" akauliza Sun-im.

"Siwezi kutafuta kitu kwenye fujo. Nikishasafisha itaruka."

Ok-bun alitaka kusema picha itangulie. Lakini mtoto alikuwa amesafiri, hata chakula hajatia mdomoni. Akamkatia tunda la persimoni.

Na kweli, mashine ikawa nyepesi. Gyu-sik akamtazama dada yake kwa madaha, akabonyeza folda ya picha. Tk, tk, tk. Kisha kimya, na kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe: diski haipo.

"Umepata nini?" akauliza Ok-bun.

"Cheti cha benki kiko salama, mama."

"Basi benki itanijua. Watakaokuja kunizika ndio watauliza huyu nani."

Gyu-sik akatoa simu, uso umemshuka. "Mama, nitazame, nikupige nyingine sasa hivi."

Akampiga picha. Ok-bun akaisogeza simu karibu na macho, akaikagua: jicho moja limefinywa, mdomo umebanwa, mikunjo yote ipo kazini.

"Hii hapana. Watadhani nimekufa kwa hasira."

Sun-im akainuka kuichungulia, vidole vikinuka vitunguu. "Iache hiyohiyo," akasema. "Wote watakutambua."

Gyu-sik hakucheka, wala hakuthubutu kuifuta.