Perege wa Kumpa Mkamwana

Nimevua mbasa miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo sijamuuliza mtu samaki wako wapi. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana niliuliza. Tena nilimuuliza muuza duka, mtu ambaye mtumbwi hapandi kwa sababu maji anayaogopa hata yakiwa ndani ya karai.

Jina lake Zubery. Babu yake alikuja Kyela kutoka Pwani kufanya biashara, na yeye sasa ana duka Ngonga, anauza sukari na sabuni na kununua kakao za wakulima. Alinipa pa kulala kwenye stoo yake, katikati ya magunia. Siku ya pili aliniona narudi mikono mitupu akanikalisha kwenye benchi.

"Mzee Hezroni, ziwa lenyewe dogo vile, mtu unalimaliza kwa macho. Hao samaki wamekushinda vipi?"

Nikamwambia akapime sukari yake aniache. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, hata mke wangu Marta atakuambia. Nikatoka, nikafika barabarani, nikasimama, nikarudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Haya," nikamwambia, "niambie wewe unayejua. Perege wa huku wako wapi?"

Kwanza nieleze nilikuwa natafuta nini, maana mtu hawezi kutoka Mwaya kwenye ziwa kubwa, akaacha mtumbwi wake, akapanda mpaka kwenye kiziwa cha vilimani juu ya Ngonga kwa sababu ya kitoweo. Pale juu ndipo wazazi wa Nancy wanaishi, na maji ya ziwa lile ndiyo Nancy anachota. Nancy ni mke wa marehemu mwanangu Ambwene. Nilichotaka ni kimoja tu: Nancy anitazame usoni, aniambie neno lolote, na mjukuu wangu Anyisile nimshike.

Sisi Wanyakyusa tuna ukutila. Mkamwana haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji, na wakikutana njiani yeye anajifunika kichwa na kuingia majanini mpaka mzee apite. Na mzee naye, akijua mkamwana yuko karibu, anaondoka ili mama wa watu apate nafasi. Siku hizi wengi wameacha. Vijana wanakaa meza moja na wakwe zao, wanapiga picha. Mimi niliwaona hawana adabu, na kwangu nilisema hapana.

Nancy alipoolewa, mwezi wa kwanza tu, tulikutana ghafla kwenye kona ya shamba la mpunga, akasahau, akanisalimia. Nilimgeuzia mgongo, kisha nikatuma ujumbe kwa baba yake, ikabidi waje na jogoo kuomba radhi. Alipopata mimba nikamtuma Marta akamwambie kwamba akivunja tena mwiko, mtoto tumboni ndiye atakayelipa. Haya maneno niliyasema mimi kwa mdomo wangu huu. Hakuna wa kumsingizia.

Sasa ilikuwa mwezi wa nne, mwaka ule wa mafuriko makubwa. Barabara ilikatika, mashamba yakawa ziwa, na kwetu mtumbwi uliobaki mzima ulikuwa wangu peke yake. Marta alikuwa Tukuyu msibani. Mimi niko uani nashona wavu, nikasikia kikohozi nyuma ya migomba. Nikajua ni Nancy, maana mkamwana akitaka kupita hukohoa. Nikadhani anataka chumvi au moto ndani kwa mama mkwe wake, ananiogopa mimi. Nikasema moyoni, huyu sasa amefundishika. Nikaacha wavu, nikashuka bandarini ili apite kwa raha. Akakohoa tena. Nikakaza mwendo. Nikausukuma mtumbwi, nikaenda zangu kuvua.

Simu niliiacha nyumbani, mvuvi gani anakwenda na simu majini. Nilirudi alasiri na usipa tele, nikiimba. Kilio nilikisikia kabla sijafunga kamba.

Ambwene alikuwa ameumwa na nyoka asubuhi, akiokoa miche ya mpunga. Nancy, mimba ya miezi saba, alipita kwenye maji ya kiuno kuja kuomba mtumbwi wampeleke hospitali. Akaomba kwa kikohozi, kwa sababu njia nyingine nilikuwa nimemfungia mimi. Nilipoingia nyumbani kwake nilimkuta mwanangu amelazwa karibu na mlango, amevaa shati lake jeupe la kanisani, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Nilijiuliza mtu aliyeumwa na nyoka shambani amevaa shati la kanisani kwa nini. Sikuuliza. Ningemuuliza nani? Tukamzika nalo.

Baada ya matanga Nancy akarudi kwao, na mtoto akazaliwa huko. Tuliambiwa ni wa kike. Marta alikwenda kumwona mara tatu. Mimi nilibaki na mwiko wangu, nao haukunipikia wala kunifariji. Mwaka na nusu sikulala vizuri.

Kwenye ukoo wetu mwiko huu unafunguka kwa njia moja. Babu yangu alimfungulia mama yangu hivyo hivyo. Baba mkwe anavua samaki jike mwenye mayai tumboni, kabla hajataga, kutoka kwenye maji anayochota mkamwana, anampa mkononi. Akipokea, anaruhusiwa kusema, na neno lake la kwanza mzee hapaswi kulijibu, anapaswa kulisikia. Samaki aliyekwisha kutaga hafai, na wa kununua hafai. Marta alinifungia nguo na kusema, "Nenda sasa, kabla na wewe hujafa na kiburi chako."

Basi nikaenda. Siku ya kwanza nilifanya ujinga wa mtu anayejua. Mbasa wetu, mvua ikikaribia, hujikusanya nje ya mdomo wa mto Mbaka, wanaonja maji, wanasubiri kupanda kutaga. Kwa hiyo nami nikazunguka kutafuta mdomo wa mto. Hakuna. Ziwa lile ni la duara, halina mto unaoingia wala unaotoka, limetulia kama maji ya bakuli. Nikakaa upande wa jabali, kwenye kina, nikashusha ndoano mpaka jua likanichoma utosi. Nikapata vidagaa viwili visivyojaa kiganja.

Siku ya pili nilikuwa hapo hapo Nancy alipokuja na ndoo, mtoto mgongoni. Nilimjua kwa mwendo. Na miguu yangu ikasimama yenyewe, ikaanza kuondoka. Nilikuwa nimeshapiga hatua tano ndipo nikaelewa ninachofanya. Nikasimama hapo, mgongo kwake, nikasikia ndoo inajaa na mtoto anaongea maneno yake yasiyo na maana. Nikatamani kugeuka, nikashindwa. Ndoo ikapandishwa kichwani, wakaenda. Ndiyo siku niliyomrudia Zubery.

"Mimi samaki siwajui," Zubery akasema, na safari hii hakunitania. "Lakini mke wangu Mwanaisha anafua kule upande wa magharibi, jua la asubuhi linakopiga kwanza. Anarudi analalamika kila siku. Anasema samaki wanachimba mchanga, maji yanachafuka, nguo hazitakati."

Nikamshika mkono. Miaka arobaini majini, na aliyenionyesha samaki ni mama anayefua.

Kesho yake nilikuwa magharibi jua linachomoza. Kweli, maji hayafiki magoti, yana joto, na chini kwenye mchanga kuna vishimo vya duara, kila kimoja kama sinia. Katika kila kimoja dume moja jeusi linazunguka, linafukuza wenzake. Nikatupa ndoano, wakaigombania kwa hasira tu, wala si njaa. Nikavuta madume manne, nikayarudisha. Wenye hasira sikuwa na shida nao, mmoja nilikuwa naye tayari.

Kisha nikaona jike kwenye majani, taya limevimba. Nikamteka kwa wavu mdogo. Nilipomwinua akafungua mdomo, mayai yakamwagika kwenye kiganja changu, ya njano, madogo kama mtama. Alikwisha kutaga. Perege jike akitaga huwabeba wanawe mdomoni, hali chakula mpaka waweze kuogelea. Nikamrudisha haraka, nikayamwaga yale mayai majini karibu naye, lakini yalizama kwenye matope na yeye akakimbia. Nilikaa chini kwenye maji pale pale na nguo zangu. Nililia, nasema wazi. Nilimlilia samaki, na si samaki peke yake.

Nilipomaliza kulia nikatumia akili. Aliyekwisha kutaga yuko majanini. Dume liko kwenye kishimo. Asiyetaga bado yuko wapi? Mbasa haingii mtoni siku ya kwanza, anasubiri nje ya mdomo. Na huyu naye lazima ana pa kusubiri. Nikatembea ndani taratibu, mguu ukipapasa, mpaka mchanga ukakatika na kina kikaanza. Hapo ukingoni, hatua moja tu kuingia kwenye giza, nikashusha mnyoo. Nikasubiri. Uzi ukaguswa kidogo, kama mtu anayebisha hodi na hataki kusikika.

Alikuwa jike, mzito, tumbo limejaa mpaka limeng'aa, mdomo mtupu. Nilimfunga kwenye jani la mgomba, nikapanda kwenda kwa akina Nancy. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilipofika kwenye migomba yao nikakwama. Kuita jina lake siwezi. Kuingia uani siwezi. Nikasimama nyuma ya migomba pale na samaki wangu, na nikajua kwamba nilichobakiwa nacho ni kukohoa.

Nikakohoa. Mchi uliokuwa unatwanga uani ukanyamaza. Nikakohoa tena. Nikasema, ana haki ya kuingia ndani na kufunga mlango, na nikimuona anafanya hivyo nitarudi Mwaya bila neno. Nikakohoa mara ya tatu, na koo likauma kweli.

Akaja. Kitenge kimeshuka mpaka usoni, macho chini, mtoto ameshika pindo la nguo yake. Nikanyoosha mikono yote miwili. Akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili, akafungua jani, akalibonyeza tumbo la samaki kwa kidole gumba. Akaona ana mayai. Akafunika jani.

Akainua uso. Miaka minne alikuwa mke wa mwanangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni. Ni mwanamke mdogo sana. Ana kovu dogo kwenye nyusi.

"Tata," akasema, yaani baba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha.

"Siku ile nilipokukoholea ukashuka bandarini, sikujua la kufanya. Nikarudi. Ambwene alikuwa amelala karibu na mlango, anaona maji yote mpaka kwako. Alikuona unasukuma mtumbwi. Akafurahi. Akasema, 'Umemwona baba? Anauleta.' Sikuweza kumwambia. Akasema hospitali haendi na nguo za shambani, nimvalishe shati la kanisani. Nikamvalisha. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, vifungo nikamfungia mimi. Tukakaa. Kila maji yakigonga ukuta anasema, 'Amefika.' Mpaka mwisho alikuwa anasema umefika."

Desturi ilinitaka nisikie, nikasikia.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Hata mama Marta. Nilikuwekea wewe."

Akasimama, akafuta magoti. "Ndaga, asante kwa samaki. Kaa, tata, utakula kabla hujashuka." Akamnyanyua mtoto, akanikalishia kwenye mapaja, akaingia jikoni. Nikasikia kisu kinaparua magamba.

Nilikuwa nimepata vyote nilivyovifuata. Anyisile hakulia. Alinitazama ndevu, kisha akashika kifungo cha shati langu akawa anakivuta, anakivuta. Nilimwacha mpaka kikakatika.