Ushuhuda wa Kuazima

Mtaani kwetu naitwa Redio, na jina hilo sikupewa kwa kuonewa. Mteja akija saluni ya shangazi kusuka, anatoka na nywele mpya na habari za nyumba kumi na mbili. Likizo ile ndefu nilikuwa nasuka siku za kazi, na Jumamosi nakwenda kanisani, kwenye kikundi chetu cha wanafunzi tuliorudi kutoka vyuoni. Tulikuwa kumi na wanane. Kiongozi wetu, fundi bomba mwenye sauti kubwa, alituambia siku ya kwanza, "Chuo kimewajaza kichwa. Likizo hii tujaze moyo." Basi kila Jumamosi mmoja wetu alisimama kutoa ushuhuda: Mungu alimtoa wapi.

Hapo ndipo niliposhikwa. Wenzangu walikuwa na shuhuda, si mchezo. Mmoja alikunywa pombe hadi akalala kwenye kitanda cha mlinzi. Mwingine alifanyia watu mitihani. Mimi je? Mimi nimekulia kanisani, nimelala chini ya mabenchi ya kwaya, nikaokoka nina miaka tisa kwa sababu jirani yangu naye kaokoka. Uwasimulie watu hayo, watapiga miayo mpaka taya ziteguke.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaona nyuso kumi na saba zimenielekea, na mimi nikiona nyuso siwezi kujizuia. Nikatoa ya Kimya.

Kimya ni mwenzangu wa chumba bwenini. Mwaka wa kwanza, kabla hatujakaa pamoja, alifeli masomo mawili akapoteza nafasi ya bweni. Mama yake alikuwa amemwambia, "Ukifeli usirudi kwangu." Akalala wiki tatu kwenye ukumbi wa mihadhara, nyuma ya safu ya mwisho, akila mabaki ya mkahawa. Alfajiri moja mama mfanya usafi akamkuta. Hakumfukuza. Aliweka ndoo chini, akakaa naye sakafuni, wakaomba wawili. Kimya alinisimulia akiwa amenipa mgongo, anapanga vitabu. "Nimekuambia wewe tu," alisema.

Mimi nikasimulia kama yangu, na mwishoni nikaongeza mwenzangu wa chumba aliyenikaribisha kwake. Ndoo niliiweka. Baridi ya sakafu niliiweka. Na yale maneno ya mama niliyaweka pia, tena kwa kuigiza sauti. Fundi bomba alilia waziwazi. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Lakini mtaa wetu ni nyumba isiyo na milango. Jumanne mteja mmoja, kichwa chake ndani ya draya, alimwambia shangazi kwa kelele za mtu asiyejisikia: "Kumbe huyu mtoto alilala sakafuni, na mama yake yupo hai!" Chanuo la shangazi likabaki hewani. Kabla jua halijazama, mama alikuwa na habari zote.

Mama anafua mashuka hospitalini. Mikono yake imepauka kwa sabuni. Nilingoja anigombeze. Heri angenigombeza. Alinipakulia chakula cha watu wawili, akaweka juu mnofu mkubwa, ule ambao nyumbani kwetu ni wake, akakaa ananitazama nikila. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu akasema, "Nimekumbuka."

"Umekumbuka nini, mama?"

"Siku niliyokuambia. Ulikuwa kidato cha pili, umeleta ripoti mbaya, mimi nimetoka zamu mbili mfululizo. Nikasema ukiendelea hivi ukatafute kwenu. Sikujua umeyabeba hadi chuo. Nisamehe, mwanangu."

Siku hiyo mimi siikumbuki hata kidogo. Mama alikuwa amepekua miaka yote, kama mtu anayetafuta sindano kwenye lundo la mashuka, mpaka akapata kosa linaloenea kwenye uongo wangu. Nami, mwenye mdomo wa mtaa mzima, nikajibu, "Yameisha, mama."

Hebu ona. Nikamsamehe.

Ijumaa ya wiki ya mwisho Kimya akaja kututembelea, kama tulivyopanga tangu chuoni. Nilikuwa nimemwomba Mungu basi lake liharibike, na sala ile haikupita hata dari. Mama alimpokea jikoni, akamshika bega. "Wewe ndiye uliyemkaribisha mwanangu chumbani, alipokuwa analala kwenye ukumbi wa chuo. Mungu akubariki."

Kimya alikuwa ameshika sahani. Hakuiangusha. Alinitazama mara moja tu, kisha akasema, "Amina, mama."

Tulipofunga mlango wa chumbani akaketi ukingoni mwa kitanda. "Ndoo uliiweka?"

"Niliiweka."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Rangi sikusema."

"Bluu." Alikunja blauzi yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama yangu sijamwambia mpaka leo. Nilikuwa namtunzia. Nilitaka nikimaliza chuo, nikae naye, nimwambie mwenyewe. Nimsamehe tukiwa wawili."

"Kesho nitasimama niseme si yangu."

"Halafu wakuulize ni ya nani? Chuoni hulali na paka, Redio, unalala na mimi, na wote wanajua. Na wateja wa shangazi yako wana ndugu mpaka kwetu."

"Sasa nifanye nini?"

"Ulipokuwa unaibeba uliniuliza?"

Basi nikaamua kunyamaza, nikajiambia namlinda Kimya. Uongo ukishapata pa kulala, hautakosa blanketi.

Jumamosi wazazi walikuwa wamealikwa. Mabenchi yalijaa, watu wakasimama mpaka mlangoni. Siku nyingine ningefurahi. Fundi bomba akauliza nani ana neno. Mama akainuka, na viatu vyake vya kanisani vinavyombana.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mimi ndiye yule mama mliyemsikia. Nilimfukuza mtoto wangu kwa ulimi huu. Nimekuja kutubu mbele yenu..."

Mteja wa draya alikuwa safu ya pili, shingo imerefuka.

"Mama, kaa." Sikujua kama nimesimama. "Kaa, tafadhali. Hukunifukuza. Sikulala ukumbini hata siku moja. Nimedanganya."

Mama akakaa taratibu.

"Ala!" akasema mteja wa draya. "Sasa hiyo ni ya nani?"

"Nimeiiba. Mwenyewe simtaji."

Mara ya kwanza maishani nina habari na siitoi. Haikusaidia kitu. Shingo ziligeuka zenyewe, moja baada ya nyingine, hadi kwa mgeni aliyekaa mwisho wa benchi letu, anasoma jalada la kitabu cha nyimbo kana kwamba lina sura kumi. Fundi bomba akasema tuombe. Alichoomba sikukisikia.

Tulipofika getini mama akasema, "Lakini ile ya kidato cha pili nilisema."

"Mimi siikumbuki, mama."

"Mimi naikumbuka."

Shangazi alitusubiri mezani, akaguna, "Nguo ya kuazima." Methali hakuimalizia. Mama akapakua. Mimi nilipata changu cha kawaida. Mnofu mkubwa akauweka kwenye sahani ya Kimya, pasipo maelezo yoyote, akakaa anamtazama.

"Kula, mwanangu."

Kimya aliutazama ule mnofu. Alijua maana yake, nami nilijua.

"Mama," alisema, "nikimaliza kula naomba simu yako, yangu imezima. Nataka kupiga nyumbani kabla hawajasikia kwa watu."

Mama akaichomoa mfukoni, akaifuta kwa upindo wa gauni, akampa.

Yangu ilikuwa pale mezani, karibu na mkono wake, imejaa chaji. Hakuiomba.