Mikate ya Noelene Kwenye Friza

Des Kinnane alinenepa baada ya mkewe kufa, na hilo mji wa Tarrawill haukumsamehe.

Mwanamume aliyefiwa anatakiwa akonde kidogo, suruali zimpwaye, majirani wapate sababu ya kumletea supu. Des alikuwa amekonda miaka yote ya ndoa. Akila anaungurumwa na tumbo, kisha huyoo, chooni. Aliyesemwa ni mkewe, Noelene. Wanawake wenzake wa ukumbi wa mji walimtania, "Wee Noelene, huyo mume unampa chakula au unamnusisha?" Alicheka nao, kisha akirudi nyumbani anamkatia Des kipande cha mkate kinene kuliko cha jana. Na mkate wake haukuwa wa mchezo. Ngano ilitoka shambani kwao, na utepe wa ushindi wa maonyesho ya wilaya ulining'inia jikoni mpaka ukapauka.

Moyo ndio uliomuua Noelene, katika hospitali ya mji mkubwa. Mwaka haukwisha, mashavu ya Des yakajaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," walisema wakulima kwenye maghala ya nafaka, wakisubiri malori yao yapimwe. Walimaanisha marehemu. Des aliwasikia, akapandisha kioo cha gari.

Lililomchoma zaidi lilitoka kwa Glenys, dada wa Noelene, walipokutana makaburini.

"Shemeji, umependeza," alisema, macho yakiwa kwenye maua. "Dada yangu yuko chini ya udongo, wewe unanawiri. Sijui alikuwa anakutesa kwa lipi."

Hapo ndipo palipomuuma Des. Hata yeye alikuwa akijiuliza. Alimpenda mwanamke yule, tena sana. Mbona basi mwili wake ulisherehekea kuondoka kwake? Akaacha kwenda ukumbini, akaacha kwenda mpirani. Redio ikawa ndiyo inayomsemesha, na habari zake zote ni za mvua isiyokuja.

Siku moja aliteleza kwenye ngazi ya mashine ya kuvunia, kifundo cha mkono kikavunjika kama kijiti kikavu. Daktari Wijesuriya wa zahanati ya Tarrawill aliitazama picha ya mifupa, akaguna.

"Mzee Des, hii ni mifupa ya ajuza. Kuna ugonjwa ambao utumbo unaikataa ngano, chakula kinapita bure. Mkate unakula?"

Huko Mallee, nyanda za ngano za Australia, kumuuliza mkulima wa ngano kama anakula mkate ni kama kumuuliza padri kama anasali. Des alijibu bila hata kufikiri.

"Nakula kama watu wote."

Alidanganya. Tangu Noelene afe hakuwa ametia mkate mdomoni. Wa dukani ulimkaa kooni kama pamba, na bia, inayotokana na shayiri, ndugu wa ngano, hakuwa mnywaji. Alikula viazi, nyama na mayai, peke yake, akiwa amesimama kando ya jiko ili asiione meza.

Akatumwa hospitali ile ile ya mji mkubwa kuingizwa kamera kwa mdomo na kukatwa vinyama vidogo vya utumbo. Sindano ya usingizi aliikataa, maana anayedungwa haruhusiwi kuondoka bila mtu wa kumrudisha nyumbani, na yeye mtu huyo hakuwa naye. Alivumilia mpira kooni huku machozi yakimtoka, akaendesha gari mwenyewe kwa mkono mmoja kurudi.

Vinyama vikaonekana salama.

"Utumbo wako ni mzima," daktari alimwambia. "Basi tutafute kwingine. Samahani nikuulize, miaka ile uliyokuwa ukikonda, nyumbani kulikuwa na amani?"

"Kulikuwa na amani!" Des alipiga meza kwa mkono mzima. "Na wewe pia? Kulikuwa na amani, daktari! Mkate... mimi mkate sili. Sijala tangu azikwe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Des aliwahi kidogo. Daktari alivua miwani, akamtazama kama mama anayemtazama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Mzee wangu, umenitia hasara! Utumbo una vinyweleo, kama taulo jipya. Ngano ikiwa adui yako, vinalala, taulo linageuka shuka. Ukiiacha, vinaota tena. Nimekwenda kutafuta moto kwenye jiko lililozimwa zamani."

"Sasa?"

"Sasa ule mkate. Kila siku, mpaka nikuite. Utaumwa, nakwambia mapema. Na safari hii unadungwa sindano, sitaki ubishi. Tafuta mtu."

Nyumbani Des alilifungua friza kubwa la barazani. Mikate ilikuwa palepale, imefungwa mmoja mmoja. Noelene aliioka juma lile alilokwenda hospitali. "Itakushika mpaka nirudi," alimwambia. Des hakuwahi kuigusa. Angeweza kununua ya dukani, ngano ni ngano. Lakini aliyesingiziwa alikuwa Noelene, basi mkate wake ndio utoe ushahidi.

Akautoa mmoja, akakata kipande, akakikausha kwa moto, akakipaka siagi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliketi mezani. Ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu mno, na Des alilia akitafuna.

Kabla hajaosha sahani, tumbo lilianza. Siku zilizofuata yakamrudia yote, kuungurumwa na kuhara. Asubuhi alikula, mchana akajikunja kitandani upande wake, upande wa pili mtupu. Suruali zikaanza kumpwaya. Alikuwa amerudi kwenye ndoa yake, ila mke hayumo. Alivyoona mikate inapungua, hakujua aombe simu ya daktari ije haraka au ichelewe.

Simu ikaja. Hapo ikabidi ampigie Glenys.

"Shemeji, nahitaji mtu wa kunirudisha kutoka hospitali."

"Huna mwingine?"

"Sina."

"Haya. Nitakuja. Ila usinitapikie gari."

Hakutapika, lakini wakati wa kurudi alimsimamisha mara kadhaa akakimbilia vichakani. Glenys alimngoja, mikono kwenye usukani. Alimwingiza mpaka jikoni, na hapo mezani akauona mkate ulioliwa nusu, ukiwa na alama za uma mgongoni. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiitia mikate yake alama ile.

"Des. Huu umeutoa wapi?"

Akamweleza yote. Glenys aliugusa mkate kwa kidole, akachukua funguo zake, akaondoka bila hata kuaga.

Majibu hayakukawia. "Safari hii vinyweleo vimelala vyote," alisema Daktari Wijesuriya. "Ni ngano, Mzee Des. Miaka yote hiyo ilikuwa ngano. Kuanzia leo hata chembe usionje."

"Kwa hiyo siye yeye."

"Nani?"

"Mke wangu. Hakunifanya kitu."

"Hapana," daktari alisema polepole. "Alikuwa akikulisha tu."

Des alitembea vizuri mpaka kwenye gari, akafunga mlango. Akilini alimwona Noelene na kisu mkononi, akimwona mumewe anakonda, akikata kipande kinene zaidi. Kila alivyozidi kumpenda ndivyo alivyozidi kumuumiza, na alikufa akidhani hakumlisha vya kutosha. Angempata nani wa kumwambia? Huyo aliyestahili kusikia hakuwapo. Akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya zahanati, mchana kweupe, na watu wa Tarrawill wakapata la kusema.

Aliyebaki duniani kumjua Noelene tangu utoto alikuwa mmoja. Des alipitia nyumbani, akatoa kwenye friza mkate wa mwisho, akaenda nao kwa Glenys.

"Ni ngano," alisema mlangoni. "Mimi sitaula tena. Kula wewe."

Glenys aliupokea kwa mikono miwili. Alikata kipande, akakikausha, akaketi na kutafuna, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Des aliketi mkabala naye na chai yake, akinusa tu.

"Chumvi imezidi," Glenys alisema mwishowe. "Daima alizidisha chumvi, yule."

"Kila siku nilimwambia."

Glenys aliinuka, akatoa jikoni viazi viwili vya moto, akavisogeza mbele yake. Kando akaweka kibakuli cha siagi ambacho kisu kilikuwa hakijakigusa.

"Hii ni yako peke yako," alisema. "Nimesoma kwamba hata makombo yanakudhuru. Itakuwa inakaa hapa, kwenye friji langu, rafu ya juu."