Ufunguo Huku, Betri Kule

Mimi tangu mwanzo nilisema hapana. Hilo lijulikane kabla sijaendelea. Siku wanaume wawili wazima, mmoja mume wangu na mwingine mdogo wangu wa tumbo moja, walipokaa sebuleni kwangu vichwa vimegusana juu ya simu moja, wakitazama picha ya gari la dizeli la zamani lililokuwa bado liko Japani, niliacha cherehani yangu nikasema hapana mara tatu. Hawakunisikia. Walikuwa wameshapenda.

"Hilo gari ni rika langu," nikawaambia. "Mnanunua uzee!"

"Dada, hii injini ni chuma kitupu," mdogo wangu akasema bila kuinua macho. "Haina kompyuta, haina usumbufu."

"Na magurudumu yote manne yanavuta," akaongeza mume wangu, mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka hapa nyumbani mpaka shule anakofundisha jiografia, lami mwanzo mwisho.

Basi wakachanga nusu kwa nusu, gari likaja. Refu, jeupe lililopauka, na mlangoni limebandikwa vibandiko vya Kijapani ambavyo mpaka leo hatujui vinatuonya nini. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu na mimi pia, akalipa jina Bi Mkubwa. Eti Bi Mkubwa! Kila asubuhi anatoka kitandani anakwenda kumjulia hali Bi Mkubwa uani, mimi bi mdogo nimelala na baridi yangu. Kulikuwa na kitabu cha maelekezo, Kijapani kitupu, naye akawa anakisoma jioni kwa kufuata michoro, kidole kwenye ukurasa, midomo ikicheza. Mdogo wangu hakusoma kitu. Yeye ni kinyozi, na huko ndiko jina lake la Kinyozi lilikotoka. Alikuwa akiinamisha sikio juu ya boneti, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: "Inalalamika oili."

Lakini nisiwaseme vibaya tu. Kinyozi nilimlea mimi baada ya mama yetu kufariki, nikiwa mwenyewe sijamaliza kukua. Tangu niolewe, hakuna Jumapili aliyokosa kuja kwangu. Anamnyoa Mwalimu barazani, tunakula, wanabishana, jioni anarudi kwenye chumba chake nyuma ya duka. Gari lilipokuja, Jumapili zikawa ndefu zaidi. Nikichungulia dirishani naona jozi mbili za miguu zimetokeza chini ya Bi Mkubwa, na sauti mbili zinagombania spana. Nilikuwa nawafokea watoke chakula kinapoa, na moyoni nina furaha ambayo sikutaka waione.

Halafu wakagombana, na waligombania kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda.

Kwenye injini kuna kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto. Themostati. Mafundi wetu hawakipendi. Wao wakifungua injini, cha kwanza kukitoa ni hicho, kwa kuwa wanasema nchi yenye joto haina haja ya kupasha kitu moto. Kinyozi naye akakitoa, asubuhi moja, kimyakimya, akijua anamfanyia shemeji yake hisani. Mwalimu akaja kugundua sindano ya joto haipandi. Akafungua kitabu chake, akaufikia mchoro, akapiga yowe.

"Umetoa kiungo cha gari langu!"

"Gari lako?" Kinyozi akaweka spana chini polepole. "Kumbe mimi ni kibarua hapa?"

Ningeweza kusimulia yote yaliyofuata, lakini nina haya kwa niaba yao. Mwalimu alimwita mtu wa kubahatisha. Kinyozi alimwambia anasoma kitabu cha picha kama mtoto wa chekechea. Mwisho Kinyozi akafungua boneti, akachomoa betri, akaikumbatia kifuani.

"Nusu yangu naondoka nayo. Na mimi hapa sikanyagi tena mpaka hilo gari litoke kwenye ua huu!"

"Na halitoki," Mwalimu akajibu, akatia ufunguo mfukoni, "mpaka betri irudi!"

Nilidhani ni hasira za mchana, zitaisha jua likizama. Thubutu! Jumapili ya kwanza nikapika kama kawaida, sufuria ikabaki nusu. Ya pili vilevile. Nikaenda dukani kwake na kijungu, akapokea chakula, akashukuru, akaniuliza habari za mgongo wangu, na nilipotaja kuja nyumbani akawasha mashine ya kunyolea ili asisikie. Betri ilikuwa pale chini ya kioo, ameifunika taulo safi.

Kwa Mwalimu nako, kichwa kikaanza kuota nywele. Mwezi ukaisha, na mwingine. Zikapita masikio. Zikawa zinatangulia kuingia mlangoni. Wanafunzi wakaanza kucheka, mwalimu mkuu akamwita pembeni.

"Vinyozi wako wengi," nikamwambia. "Nenda hata kule sokoni."

"Nazifuga," akasema, akageukia ukutani.

Anazifuga! Mtu ambaye tangu nimjue, zikizidi unene wa kucha anasema anasikia homa. Nikajua kumbe naye anaumia, ila kiburi kimemkaba. Na mimi nikaumia mara mbili, mara moja kwa kila mmoja wao. Nilikuwa nimezika baba, nimezika mama, nimebakiwa na ndugu mmoja hapa duniani, halafu ananipotea kwa kidude cha rejeta? Aka. Sikukubali.

Siku moja Fundi wa magari alikuja kwangu na suruali ili nimtie zipu mpya. Fundi huyu majisifu yake hayapungui. Ukimuuliza saa atakwambia ameshatengeneza saa ya waziri. Nikamuuliza, huku nashona, kama gari lisilo na betri linaweza kutembea.

"La sasa, haliwezi. La kwenu lile? Mteremko tu, mama! Weka gia ya pili, kanyaga klachi, lisukumwe, likishika kasi achia. Likiwaka halihitaji umeme hata chembe."

"Na kulizima?"

"Si kuna ule waya wa kuzimia pale chini ya usukani? Niliutengeneza mimi mwenyewe. Unavuta, injini inakata roho. Kazi yangu hairudiwi."

Udereva ninaujua. Nilijifunza kwenye pikapu ya kikundi chetu cha mafundi cherehani, ingawa tangu Bi Mkubwa aje hakuna aliyewahi kuniambia hata nishike usukani. Na ua wetu, ukifungua geti, una mteremko unaokupeleka moja kwa moja mpaka mtaa wa maduka. Akili ikaanza kufanya kazi.

Jumapili iliyofuata nikamngoja Mwalimu aingie bafuni. Suruali aliitundika mlangoni. Nikatoa ufunguo, nikafungua geti, nikamwita jirani yangu Mama Pacha, aliyekuwa anafua na kuanika nguo, pamoja na dada zake wawili waliomtembelea.

"Tunaliiba?" akauliza Mama Pacha, mikono ikimtoka povu.

"Tunalitoa uani. Sukumeni."

Nikakaa nyuma ya usukani, wakasukuma. Nani aliwahi kusema wanawake hawana nguvu? Bi Mkubwa akaguna, akasogea, akapita getini, na mteremko ukamchukua. Nikapiga moyo konde, nikaachia klachi. Gari likaruka, meno yangu yakagongana, moshi mweusi ukatanda nyuma, na injini ikawaka kwa ngurumo iliyowatoa watu majumbani. Kwenye kioo nikaiona kamba ya nguo za Mama Pacha ikipotea ndani ya wingu. Nyuma ya wingu nikasikia jina langu, likifuatiwa na maneno mengine.

Nilifika kwa Kinyozi nimeshika usukani kwa mikono, viwiko na dua. Nikakanyaga breki mbele ya mlango wake, nikatia gia huru, nikavuta waya wa kuzimia ili nishuke kwa heshima.

Waya wote ukaja mkononi.

Injini ikaendelea kunguruma. Nikautazama waya, ukanitazama. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, na nyuma yake mteja mwenye taulo shingoni, ndevu zimenyolewa upande mmoja.

"Dada! Nini hii?"

"Gari limetoka uani," nikapiga kelele kuishinda injini. "Ulisema likitoka utakuja. Basi limetoka!"

Kabla hajajibu, Mwalimu akatokea mbio, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, kikoi kiunoni, na lile pori lake la nywele limejaa sabuni. Watu wakamwachia njia. Akafika, akashika mlango, akahema.

"Lizime!"

"Usilizime!" Kinyozi akaruka. "Halitawaka tena!"

Wakatazamana. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu ile siku. Nami nikajikaza kisabuni, nikanyanyua waya wawaone. "Halizimiki," nikasema.

Nyuma yetu lori likaanza kupiga honi, tumeziba mtaa. Kinyozi akafungua mlango. "Sogea, dada." Nikasogea. Mwalimu akapanda upande wa pili, na mimi katikati, sabuni inanidondokea begani. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mteja akaingia na taulo lake.

"Siwezi kubaki nusu," akasema. "Nina ugeni leo."

Tukaondoka. Kinyozi anaendesha, jicho moja barabarani, jingine linaibia kwa shemeji yake.

"Nani kakufanyia hivyo kichwani?" akauliza mwishowe.

"Hakuna."

"Naona."

Sindano ya joto ilikuwa imelala chini kabisa. Mwalimu akaielekeza kidole, nami nikajua hapa sasa kinawaka tena.

"Nimeiona," Kinyozi akasema. "Haipati joto. Ulikuwa sahihi."

"Nilisema vibaya lakini."

"Ulisema vibaya sana. Gari lako!"

"Mdomo uliteleza. Wewe ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungenisomea kitabu."

Mteja akacheka kule nyuma, nikamgeukia kwa jicho, akanyamaza.

Sasa nyinyi mnaojua magari mtasema mbona kuzima injini ya namna hiyo ni rahisi tu: unatia gia kubwa, unakanyaga breki, unaachia klachi, inakufa. Na mimi najua, ila pale mtaani fadhaa ilinisahaulisha, nikakumbuka tumeshafika kona ya pili. Kinyozi naye anajua, anaendesha tangu ujana wake. Na Mwalimu aliwahi kuniambia. Wote watatu tulijua, na wote watatu tukakaa na gari letu lisilozimika. Kinyozi akashika njia ndefu ya kuzunguka. Tukapita kituo cha mafuta cha kwanza, hakuna aliyesema tujaze, maana pale lazima uzime kwanza. Tukapita cha pili, Mwalimu akatazama nje upande wa pili kama anahesabu miti.

Tulipofika nyumbani Kinyozi hakuingia uani. Aliegesha nje ya geti, akaliacha likinguruma, akatia jiwe kwenye gurudumu, kisha akaukanyaga ua wangu kwa mguu wa kulia. Mteja akamaliziwa barazani, akaenda kwenye ugeni wake. Mama Pacha akaja na shuka jeupe ambalo sasa lilikuwa la kijivu.

"Zimeni hilo zimwi!"

"Halizimiki, jirani," wakamjibu wote wawili kwa pamoja, na wote wawili wanadanganya. Nilimchukulia shuka lake nikamwahidi kulifua mwenyewe, nikampa na sahani ya chakula, akaondoka ananung'unika na mdomo umejaa.

Tukala. Tulikula huku tunapigiana kelele juu ya injini, "nipe chumvi" mara nne ndipo chumvi inafika. Na kadiri tulivyokula, mimi nikawa nategea sikio kule getini. Nilikuwa najua kwamba pindi injini ikinyamaza, kuna ufunguo wa kuchukuliwa na betri ya kurudishwa au isirudishwe, na kuna mtu atakayesimama akung'ute suruali aseme "haya, dada, mimi naondoka". Nikaomba ile dizeli isiishe.

Ikaisha. Injini ikakohoa, ikashtuka, ikakohoa tena, ikafa. Mtaa mzima ukawa kimya mpaka nikasikia kijiko kwenye sahani.

Hakuna aliyenyanyuka.

Kinyozi akanawa, akafuta mikono polepole, akatazama getini. "Sasa imekauka kabisa," akasema. "Mabomba yote yameingia upepo."

"Hata tukijaza haitawaka," Mwalimu akasema.

"Haiwaki mpaka upepo utolewe. Na ule huwezi kuutoa peke yako. Mmoja apige pampu kwa mkono, mwingine awe kwenye stata."

"Ni kazi ya watu wawili," Mwalimu akakubali.

"Kazi ya watu wawili."

Nikaanza kukusanya vyombo kwa kelele nyingi, maana machozi yalikuwa yameshanifika na sikutaka wanione. Nilipofika mlangoni nikamsikia mume wangu akiuliza, kwa ile sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa, "Utakuja na betri asubuhi?"

"Naifuata sasa hivi," mdogo wangu akasema. "Dada, nitandikie mkeka. Nalala hapa."