Mabuu wa Lundo Langu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, ng'ombe alipoipiga ndoo teke na maziwa yakamwogesha meneja kuanzia tai mpaka soksi. Ningecheka, lakini tangu mke wangu afariki nimeacha kucheka mbele ya wakubwa. Wao kicheko chako wanakiona ni mgomo.

Mateke yale yaliletwa na nzi. Si hawa wa kutua kwenye uji. Hawa walikuwa wanauma miguu ya ng'ombe mpaka damu inachuruzika, na ng'ombe anayeumwa hasimami akakamuliwa. Meneja, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Nimeshasema, alijifuta uso akanyoosha kidole kwenye lundo langu la samadi.

"Nzi wanatoka pale. Jumamosi nisilione. Na kile chumba chako nyuma ya banda, mzee, nitampa mtu anayejua usafi. Nimeshasema."

Lundo lile nililianza na marehemu miaka kumi na moja iliyopita. Ndilo linalolisha bustani yake ya mboga, na chumba kile ndimo alimofia, mkono wangu ukiwa chini ya kichwa chake. Mimi niliishia darasa la nne, ila mtu akitaka kunifukuza sihitaji kusomewa. Wakubwa ndivyo walivyo: kitu kikinuka, wanamkamata aliye karibu na harufu.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, naye mkamuaji, akanisogelea.

"Shemeji, utalihamisha kwa koleo au utalililia liyeyuke kwa machozi?"

"Nipishe huko na maneno yako."

"Haya, nuna. Kesho anakuja yule binti mtaalamu wa wadudu kupima dawa. Mpelekee mabuu wako wajitetee wenyewe."

Binti alikuja kweli, mwembamba, mabuti yanamfika magotini. Nikampa kopo la mabuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hawa ni wa lundoni kwangu. Niambie kama ndio wanaouma."

"Tutajua. Mgeuze huyu tumwone nyuma."

Shemeji akashika kiuno. "Kumbe miaka yote umewatazama upande usio wake!"

Binti akanipa lenzi. Nyuma ya buu, pale palipo butu, kuna madoa mawili meusi. Mimi siku zote nilidhani ni macho. Kumbe ni matundu ya kupumulia. Ya nzi wa nyumbani yamekaribiana kama wasengenyaji wawili, kila doa ni bapa upande wa ndani, na mistari yake inajikunjakunja. Ya nzi wa kuuma ni madogo, yana umbo la pembetatu iliyolainika kona, na yamekaa mbalimbali kama mume na mke walionuniana.

"Ni jenasi mbili, baba," binti alisema. "Ukoo mmoja, nyumba tofauti."

"Akishakuwa pupa je? Akishajifungia kwenye lile gamba la kahawia?"

"Gamba lile ni ngozi yake ya mwisho ya ubuu iliyokauka. Madoa hayaondoki."

Wa kwangu wote walikuwa wasengenyaji. Nilitamani nimpigie meneja kelele palepale, ila binti akaniambia nitafute kwanza wanaouma wanatoka wapi. Akaniachia lenzi.

Siku mbili nilitambaa shambani kwa magoti. Makopo matatu kutoka pembe tofauti za lundo: hamna mwenye kuuma. Kopo la nne nilichota chini ya hori jipya, kwenye majani makavu ambayo Nimeshasema mwenyewe aliagiza yasifagiliwe. Yalikuwa yameloa, yameoza, yanafuka joto. Pupa walijaa humo, na wote wamenuniana. Niliimba, jamani. Shemeji akauliza kama nina homa.

Kwa furaha ile nikazidisha bidii nisiyotumwa. Nikafukua matandiko ya ndama. Hayo natandika mimi, manene, kwa kuwa marehemu hakutaka ndama walale kwenye saruji. Yalikuwa hayajabadilishwa mwezi mzima. Nikamweka pupa mmoja chini ya lenzi. Nikamweka wa pili. Nao wamenuniana. Nikakaa chini.

"Kopo hili la tano niandike limetoka wapi?" shemeji aliuliza, kalamu mkononi.

"Usiandike kitu."

Jumamosi meneja alikuja na binti. Shemeji alikuwa ameyapanga makopo yote matano mezani, nami nilimweleza kila kitu, wasengenyaji na walionuniana, mpaka akainama kwenye lenzi.

"Sawa," akasema. "Lundo libaki. Lakini aliyewafuga hawa wa kuuma, awe nani, ahame hapa leo hii. Nimeshasema."

"Kopo la nne ni la chini ya hori lako, bosi," shemeji akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Yale majani uliyoagiza yasiguswe."

Uso wa meneja ukabadilika rangi. Binti akajikohoza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, mara ya kwanza mbele ya mkubwa tangu msiba, pale meneja alipolishika kopo la mwisho, akalisogeza chini ya lenzi, akatazama, kisha akainua kichwa polepole.

"Na hili lisiloandikwa," akauliza, "limetoka wapi?"