Vyombo vya Wenyewe

Jumamosi saa mbili asubuhi Sundus alifika Kayole, Nairobi, kwa baba yake akiwa na magunia kumi na mawili, glavu za mpira na chupa ya chai. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha bega, kwa jinsi chumba kilivyojaa vyombo. Mzee Idarusi alikuwa ameketi kwenye kiti, mahali pekee palipobaki pa kukaa, na hapo ndipo alipokuwa akilala tangu mkewe afariki. Mwezi wa Ramadhani alikuwa ameanguka katikati ya vyombo, na iliwachukua majirani saa nzima kumfikia. Sundus alimwambia kwamba akianguka tena hawatamwahi. Mzee akakubali wapunguze, mradi kitu kisitoke bila yeye kukiona.

Sundus alikuwa amemwita Nalianya, mtu wa mkokoteni aliyezoea kubeba saruji kwenye viwanda vya Industrial Area. Nalianya alianza na sufuria iliyokuwa karibu na mlango. Haikuinuka. Alichuchumaa, akaishika vizuri, akajaribu tena, kisha akajipangusa mikono.

"Hii ni nzito, dada," alisema, akauliza kama kuna nyingine.

Kiti cha mtoto, redio isiyo na betri, kapu la vibanio vya nguo, vyote vilikuwa vimeng'ang'ania sakafu. Sundus alimuuliza baba yake vitu hivyo ni vya nani. Mzee alisema sufuria ni ya Mama Ndete wa nyumba namba nane, aliyekuwa akiwapikia githeri watoto wa ploti nzima siku za mvua. Alipomaliza kusema, Nalianya aliinua ile sufuria kwa vidole viwili akaitia kwenye mkokoteni.

Wakaendelea hivyo. Kila chombo kilikuwa na mwenyewe, kila mwenyewe alikuwa na habari yake, na Mzee alizijua. Kapu la vibanio peke yake lilichukua dakika arobaini, Nalianya akapata nafasi ya kunywa chai. Jumamosi ya tatu, sakafu ilipoanza kuonekana, Sundus aliuliza vitu vya watu wote hao vilifikaje humo ndani.

"Milango niliing'oa mimi," Mzee alisema.

Miaka sita nyuma alikuwa msimamizi wa nyumba za mabati zilizokuwa pale pale. Mwenye ploti alitaka kujenga ghorofa, na wapangaji walipokwenda kulalamika kwa chifu, alimtuma Idarusi ang'oe milango, kwa kuwa watu hawakai nyumba isiyo na mlango. Idarusi aling'oa kumi na minne kwa asubuhi moja. Ilikuwa wiki ya mvua. Watu walibeba walichoweza, na vilivyobaki aliviweka yeye, akijiambia kwamba wenyewe watavirudia. Ghorofa ilipokwisha alipewa chumba cha chini, akahamia navyo.

Mwishowe kilibaki kitu kimoja, beseni la buluu lenye nguo za mtoto mchanga. Mzee alisema ni la Everline Nafula, nyumba namba kumi na moja. Beseni halikusogea. Akaongeza kwamba Nafula alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue, na kwamba alimwomba amwachie mlango mpaka mtoto afikishe arobaini. Halikusogea. Zaidi ya hapo Mzee hakujua.

Sundus alimtafuta huyo Nafula kwa wiki mbili, akampata mtaa wa Kware akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nafula alimsikiliza huku akiwapimia wateja, kisha akasema atakuja mwenyewe Jumapili, akitoka kanisani.

Alikuja. Alikataa kiti, akakataa na chai. Mzee Idarusi alisimama mbele yake.

"Mimi ndiye niliyekung'olea mlango, mama."

"Najua," Nafula alisema. "Nilikuokotea misumari, isije ikamchoma mtu."

Alieleza kwamba mtoto alishikwa na nimonia pale kando ya barabara, akaishi siku kumi tu tangu hapo. Aliitwa Kweyu. Mzee alilitamka jina hilo polepole, kama mtu anayejifunza. Nafula aliinama, akachukua beseni kwa mkono mmoja, akajitwika. Mzee alitaka kusema neno.

"Usiniombe msamaha leo," Nafula alisema. "Nimefuata nguo tu."

Siku hiyo Mzee alilala kitandani, miguu ameinyoosha, tangu adhuhuri mpaka adhana ya magharibi. Sundus alikaa karibu naye akisikiliza pumzi zake.

Wiki iliyofuata, ng'ambo ya njia, mwenye ploti yule yule aliagiza milango ya nyumba nyingine za mabati ing'olewe. Msimamizi wake sasa alikuwa Kiarie, baba wa watoto wawili, mtu mpole. Mzee Idarusi alivuka akamsimulia habari za Kweyu, tangu mwanzo hadi mwisho. Kiarie alimsikiliza kwa heshima, nyundo mkononi.

"Mzee, mimi nimetumwa tu," alisema, akarudi kwenye bawaba.

Mawingu yalikuwa yameshuka. Mzee alikunja mikono ya kanzu, akamsalimia bibi wa nyumba ya pili, akashika upande mmoja wa kitanda chake. Wakakipeleka taratibu mpaka kando ya barabara, kisha wakarudi kuchukua godoro kabla mvua haijaanza.