Liste ya Boti ya Club Orbite

Wa kwanza kutucheka alikuwa askari wa bandari ndogo ya Keshero, na simlaumu. Jumamosi asubuhi, vijana wanne wanateremka kwenye maji: mmoja amevaa sufuria kichwani, mmoja anang'aa mwili mzima kwa karatasi za mapakiti ya maziwa ya unga, mmoja amejifunga hema la wakimbizi kama padri wa Pasaka, na mimi, mwenye bidoni mbili za njano, madumu ya maji, mgongoni na mpira unaotoka humo kuingia puani.

"Hii ni secte gani tena, dini mpya?" akauliza.

"Hatuko secte, chef. Tuko wakimbizi ba Mars. Kule pia kumechafuka."

Akacheka mpaka bunduki ikamteleza begani, akatuachia njia.

Club Orbite ilikuwa sisi wanne tu, tuliomaliza darasa la sita la sekondari pamoja na wenye ugonjwa mmoja: hadithi za science-fiction. Mwenye sufuria ni Kambere, président, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Alijaza madaftari kumi na moja kwa vyombo vya anga vinavyoruka kutoka mdomo wa volkano. Mwenye kung'aa ni Vanessa, fundi wa nguo, aliyetushonea wote. Mwenye hema ni Angèle. Hema lile hakuliokota. Aliishi chini yake miezi mitatu kule kambi ya Munigi, kabla shangazi yake hajamchukua kwake, mtaa wa Mapendo. "Mimi niko tayari na combinaison yangu ya kuvaa angani," alimwambia Vanessa. "Wewe weka tu zipu."

Kwa miaka miwili tulikuwa tunaahidiana safari. Ziwa litakuwa anga, kisiwa cha Idjwi kitakuwa sayari, tutasoma hadithi zetu juu ya maji, tutakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, saa tisa tumerudi. Kila mara vita ilituharibia. Mwaka ule vita ilikuwa imefunga hata barabara ya Sake, na Kambere akasema tukingoja amani tutapanda boti na mikongojo. Mama yake alimwambia tuna wazimu: watu wanapanda boti kwa kukimbia, ninyi munapanda kwa kutembea.

Mwenye boti, Papa Florent, alikuwa na daftari la shule na kalamu ya bluu. Siku zile, bila liste ya abiria, boti haitoki. Sababu ilijulikana, na hakuna aliyependa kuitaja mbele ya Angèle.

"Majina," akasema.

"Commandant Kesho-Kutwa," akasema Kambere, bila hata kutabasamu.

Papa Florent aliandika alichosikia. Vanessa akawa Malkia wa Mwezi Mweusi. Mimi nikawa Professeur Oksijeni, na muzee akaniuliza kama Oksijeni ni ukoo wa Masisi ama wa Rutshuru.

"Mukamugema Angèle," akasema Angèle.

"Ah, taja jina ya mission, si ya shule!" Kambere akalalamika.

"Yangu ni hiyo. Andika vizuri, papa. Na u, na k."

Hatukubishana. Mwezi wa pili, barabara ilipofungwa, mama yake, Mukabalisa Micheline, alikuwa upande wa Minova kutafuta maharagwe. Mtumbwi mkubwa wa injini ulitoka kule umejaa watu waliokuwa wanakimbia, na haukufika. Majina hayakuandikwa hata moja. Mtu mmoja alisema alimuona Mama Micheline akipanda. Mwingine aliapa kwamba alibaki ufukweni, akashika njia ya Kalehe kwa miguu. Wajomba wa Masisi walitaka matanga yafanywe. Shangazi Léocadie alikataa. Kila jioni alimwekea dada yake sahani na kuifunika. "Nifanye matanga ya mutu mwenye anaweza kuingia hapa kesho na kuniomba chumvi?" alisema. Katikati ya hao wote kulikuwa na Angèle, ambaye hakuomba kitu kingine: ajue tu. Alipanda, ao hakupanda. Na alijiapiza kwamba yeye hatapanda kitu cha majini bila jina lake kamili kuandikwa.

Jambo lingine mulijue, kwa sababu litakuja. Darasani mimi ndiye nilikuwa najibu appel ya wasiokuwepo. Professeur anasoma jina, mtu yuko sokoni, mimi naita "Présent!", nipo, kwa sauti yake. Ni kipaji, wengine wana mpira wa miguu. Angèle alipokuwa anazunguka kambi baada ya kambi kuuliza habari za mama yake, nilikuwa naitika kwa sauti nyembamba: "Présente!" Miezi miwili nilibeba majina mawili. Nafikiri professeur alijua. Alikuwa anatazama dirisha na kuweka P, si A ya absente, ya asiyekuwepo.

Basi tukaondoka. Na ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Jua, maji, Kambere amesimama kwenye pua ya boti anasoma sura ya kwanza huku sufuria inamwangukia machoni. Vanessa akiharibu kila aya: "Commandant, kwenye hiyo sayari yako banakula nini? Sura tatu, hakuna mutu amekula!" Tulipoiona Idjwi tulipiga saluti. Tulikula sambaza kwa mikono. Papa Florent aliuliza kama Mars kuna samaki, nikamwambia wapo lakini wanaogopa maji.

Vanessa ndiye alimuuliza Angèle, polepole, mama alikuwa mtu wa namna gani.

Angèle akafikiri. "Akipika, hageuki. Ukimkaribia kwa nyuma anakupungia mkono, hivi." Akaweka mkono nyuma ya mgongo wake, vidole chini, akavitikisa kama mtu anayefukuza kuku. "Toka kwa moshi, toka. Hajakuangalia, hujasema kitu. Sijui alikuwa anajuaje ni mimi."

Saa nane tukageuza. Dakika chache baadaye ukungu ukaanguka.

Nasema ukaanguka. Ukungu wa asubuhi tunaujua, unapanda kutoka majini na kuondoka. Huu ulikuja mchana, kutoka juu, mweupe, na ulipotugusa injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Papa Florent akavuta kamba. Akavuta tena. Maji yalilala kabisa, bila hata kuigonga boti.

"Ni gaz," akasema Kambere. Alijua mambo hayo, ya gesi iliyolala chini ya ziwa letu. "Musiiname chini. Kaeni wima."

"Tumia oksijeni yako sasa, professeur," Vanessa akaniambia, lakini sauti yake haikuwa na mzaha.

Ndipo tukasikia mbuzi.

Mbuzi mmoja, karibu, kisha kikohozi cha mtoto, kisha kifuniko cha sufuria kikigongana na kitu. Papa Florent akaita: "Wee! Muko wapi? Mutatugonga!" Ukungu ukawa mwembamba upande mmoja, na tukauona mtumbwi mrefu, umezama mpaka karibu na ukingo, magodoro yamesimamishwa katikati, watu wamebanana. Wote walikuwa wametugeuzia mgongo. Hata mbuzi. Injini yao ilikuwa imeinuliwa nje ya maji, na bado walikuwa wanasogea.

Mbele alisimama mtu mwenye daftari. Uso wake sikuuona, kichwa kilikuwa kimeinamia karatasi.

"Ni ba club ya Bukavu," Kambere akanong'ona. "Banatufanyia mchezo."

Hakuna club ya Bukavu. Kambere mwenyewe alijua.

Mtu yule akaanza kusoma. Sauti ya mtu aliyechoka, ya professeur wa saa ya mwisho.

"Ernestine wa Bweremana."

"Présente," akajibu mgongo mmoja.

"Twagirayezu na mutoto."

"Présents." Sauti mbili, kubwa na ndogo.

Akaendelea. Jina, jibu. Jina, jibu. Hakukuwa na haraka wala huzuni ndani yake, na hilo ndilo lilinitoa jasho chini ya zile bidoni. Papa Florent aliacha kamba ya injini, akafanya ishara ya msalaba.

"Mukabalisa Micheline."

"Présente."

Angèle alisimama, boti ikayumba. Sauti ilitoka katikati ya mtumbwi, kwa mwanamke aliyejifunga kikwembe cha rangi ya machungwa. "Mama!" Angèle akaita. "Mama, ni miye!" Mgongo ule haukugeuka.

Kidole cha mtu wa daftari kikashuka mstari mmoja.

"Mukamugema Angèle."

Walikuwa wanangoja. Kisha nikaona jambo ambalo bado linanijia hata nikiwa nakula: wale watu walianza kusogea. Bila kugeuka, bega kwa bega, kama abiria wanaobanana ili mwingine akae. Pembeni ya kikwembe kile pakafunguka nafasi. Nafasi ya mtu mmoja, mwembamba.

Angèle alikuwa ameweka mguu kwenye ukingo. Mdomo wake ulikuwa wazi na nililiona lile neno likija, nililijua vizuri kuliko mtu yeyote, nilikuwa nimelisema mahali pake miezi miwili.

Sikufikiri. Kipaji ni kipaji.

"Absente!" nikaita.

Sauti nyembamba haikufaa, nilitumia yangu. Wakati huohuo Vanessa alimshika Angèle kiunoni, wakaanguka wote juu ya sahani za sambaza. Kwa mara ya kwanza kichwa cha mtu yule kikainuka kidogo kutoka kwenye daftari. Ukungu ulikuwa pale ambapo uso ungekuwa.

"Nani anajibu?"

Jina langu, Élisée, lilikuwa tayari kwenye ulimi, mtoto mwenye adabu akiulizwa anajibu.

"Professeur Oksijeni," nikasema.

Kidole kikatembea juu ya karatasi, chini, juu tena. Tulisikia ukucha ukikwaruza.

"Hayuko kwa liste."

"Ndiyo, chef. Hayuko."

Akaandika kitu kifupi, akafunga daftari. Mtumbwi ukaanza kuondoka. Angèle alikuwa analia chini, anampiga Vanessa kwa viwiko, "Niache, niache nimuone!" Vanessa akamwachia kichwa tu, shingo ikatokeza juu ya ukingo. Na sote tukaona. Mwanamke wa kikwembe hakugeuka. Lakini mkono wake ulikuja nyuma ya mgongo, vidole chini, ukatikisika. Toka. Toka kwa moshi.

Nafasi ile pembeni yake ikajifunga.

Papa Florent alivuta kamba mara moja, injini ikawaka. Jua lilikuwa palepale tulipoliacha. Tukaenda moja kwa moja mpaka Keshero. Sufuria ya Kambere ilibaki kule ziwani na hakuiulizia.

Bandarini yule askari akaja na kicheko chake tayari. Alichukua daftari la Papa Florent ili atuhesabu, akakunja uso.

"Commandant, iko. Malkia, iko. Oksijeni, iko. Huyu Mukamugema mulimuacha wapi? Kwenye liste ni absente. Nanyi nawaona bane."

Tulitazama. Kando ya jina la Angèle kulikuwa na herufi A, ndogo, imesimama vizuri, kwa wino mwekundu. Kalamu ya Papa Florent ilikuwa ya bluu. Na chini ya jina lake, mstari wa tano ambao hatukuuandika, mwekundu vilevile: Mukabalisa Micheline. P.

"Ni siye tuliandika mubaya, chef," nikasema.

"Ninyi ba Mars," akasema, akatuacha tupite, lakini hakucheka tena.

Angèle hakuniaga. Kesho yake nilikwenda Mapendo, akatoka mpaka mlangoni akasimama hapo.

"Ulinijibia," akasema. "Nani alikuomba?"

Nikasema, "Wewe ungejibu nini?"

"Ndiyo maana sitaki kukuona," akasema, akafunga.

Mengine alinieleza Vanessa, aliyekuwa ndani. Jioni ile shangazi Léocadie alipochukua sahani ya dada yake ili aijaze, Angèle alimshika mkono. Akamwambia, "Alipanda, shangazi." Shangazi akauliza nani amemwambia. "Nilisikia akijibu." Vanessa anasema alingoja kelele, alingoja swali la pili. Shangazi akaisafisha ile sahani, akaipangusa, akaiweka chini ya nyingine zote. Akaenda kumwita jirani asaidie kutoa viti nje.

Matanga yalidumu siku tatu. Wajomba walifika kutoka kambini, wale wa Masisi, na watu wa Munigi walikuja kwa wingi, kwa sababu wengi wao pia walikuwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Ilionekana wanalia wao pia, na hakuna aliyewauliza ni kwa ajili ya nani. Mlangoni Angèle alikaa na daftari, kama inavyofanywa, aandike waliokuja kumlilia mama yake. Daftari jipya, kalamu nyeusi. Nilipanga mstari na wengine, bila bidoni, nimevaa shati nililopokelea diplôme.

Zamu yangu ilipofika hakuinua macho.

"Jina."

Nilitaka kusema Professeur Oksijeni. Mzaha ulikuwa hapo, umeiva. Nikautazama kwanza ule mkono unaoshika kalamu, kisha paji la uso, kisha nywele alizonyoa kwa ajili ya mama yake, mpaka nikawa na hakika ni nani aliyekuwa ananiita.

"Élisée," nikasema.

Akaandika, akaongeza na ukoo wangu ambao sikuutaja, kila herufi mahali pake. Halafu, polepole, pembeni, akaongeza herufi moja nyeusi: P.

"Ingia," akasema. "Kuna kiti huko nyuma. Lakini usikae karibu na moto, moshi ni mwingi."